Somo la Sita: Tamko la Maafa na Ankara ya Umeme

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma ankara ya umeme mstari kwa mstari. Somo hili linaitazama ankara hiyohiyo wakati wa maafa. Wengi wetu huamini kwamba serikali ikishatangaza hali ya dharura, mwananchi amewekwa chini ya mwavuli mmoja unaofunika kila kitu: uhai, nyumba na mfuko. Haiko hivyo. Tamko la maafa ni hati ya kisheria inayofungua mamlaka fulani na fedha fulani, na yapo mambo ambayo haiyagusi kabisa. Mfano tutakaoutumia ni dhoruba ya baridi kali iliyolipiga jimbo la Texas, Marekani, mwezi Februari 2021. Tumeuchagua kwa kuwa ndani yake mdhibiti, yaani taasisi ya aina ya hii inayokuandikia, alikuwa mhusika mkuu.

Tuanze na tarehe. Ijumaa, Februari 12, Gavana Greg Abbott alitangaza maafa katika kaunti zote 254 za jimbo. Jumapili, Februari 14, Rais Joe Biden aliidhinisha hali ya dharura kwa jimbo zima, na kwa idhini hiyo shirika la serikali kuu la kusimamia maafa, FEMA, likaweza kupeleka majenereta, dizeli, maji na blanketi. Umeme ulianza kukatwa kwa amri ya msimamizi wa gridi baada ya saa saba usiku wa kuamkia Jumatatu, Februari 15. Msomaji ameuona mfuatano huo: matamko yote mawili yalitangulia giza. Serikali haikuchelewa kutamka. Kilichochelewa ni matayarisho, tena kwa miaka kumi.

Februari 2011 baridi ya namna hiyo ilikwisha kuzima mitambo ya Texas, na wachunguzi wa serikali kuu waliandika mwaka huohuo kwamba mitambo ya umeme na miundombinu ya gesi ikingwe dhidi ya kuganda. Hilo lilibaki pendekezo, halikufanywa sharti. Mji wa El Paso, ulio katika pembe ya magharibi ya jimbo na uliounganishwa na gridi nyingine, ulilichukua kwa uzito na kuikinga mitambo yake. Mwaka 2021 wateja wake waliokosa umeme walikuwa wachache, na wengi wao kwa muda mfupi. Kwingineko vipimo vya mitambo viliganda, visima vya gesi vikaganda, mapanga ya mitambo ya upepo yakashikwa na barafu.

Usiku ule mahitaji yaliuzidi umeme uliokuwapo, na masafa ya gridi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, yakaanza kushuka. Kipimo cha kawaida huko ni 60. Kilishuka chini ya 59.4 na kukaa hapo kwa zaidi ya dakika nne; kama kingefika dakika tisa, mitambo mingine ingejizima yenyewe ili isiharibike, na sehemu kubwa ya jimbo ingeweza kukaa gizani kwa wiki kadhaa. ERCOT, msimamizi wa gridi hiyo, aliamuru makampuni ya usambazaji yapunguze mzigo, ambao wakati mmoja ulifika megawati 20,000. Kwa maoni yangu amri hiyo ilikuwa sahihi. Lakini kiasi kilikuwa kikubwa mno kwa mgao wa zamu: zilipokwisha kuondolewa njia zinazolisha hospitali na huduma nyingine muhimu, njia zilizobaki hazikutosha kupokezana, na wengi waliokatiwa walibaki hivyo kwa siku kadhaa mfululizo. Baya zaidi, baadhi ya vituo vya gesi navyo vilikatiwa, kwa kuwa wenyewe hawakuwa wameviandikisha kama huduma muhimu, na gesi hiyo ndiyo iliyokuwa ikingojewa na mitambo ya kuzalisha umeme.

Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zilikosa umeme. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246, karibu theluthi mbili vikitokana na baridi yenyewe. Wengine, wakitafuta joto, waliwasha jenereta, jiko la mkaa au gari mahali palipofungwa, wakafa kwa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. (Jenereta hukaa nje, mbali na milango na madirisha. Kanuni hii haingoji theluji.)

Sasa tufike kwenye bei. Tamko la gavana liliamsha kifungu cha sheria ya Texas ya kumlinda mlaji: wakati wa maafa yaliyotangazwa, ni kosa kuuza mafuta, chakula, dawa, malazi au hitaji jingine la lazima kwa bei ya kupita kiasi. Mwenye duka aliyepandisha bei ya maji ya chupa mara kumi alikuwa hatarini kushtakiwa. Siku ileile ya Februari 15, Kamisheni ya Huduma za Umma ya Texas, ambayo ndiyo mdhibiti wa umeme, iliamuru bei ya jumla ya umeme iwekwe kwenye kikomo cha juu kabisa: dola 9,000 kwa megawati-saa. Wastani wa mwaka 2020 haukufika dola 30. Kwa lugha ya mita zetu, ni dola 9 kwa uniti moja.

Hoja ya Kamisheni haikuwa ya kipuuzi. Umeme ukiwa adimu kiasi cha watu kukatiwa, bei yapasa kuuonyesha uadimu huo, ili kila mwenye mtambo auwashe na kila kiwanda kipunguze matumizi. Nayo kompyuta za soko zilikuwa zikitoa bei ya chini kuliko hali halisi. Lakini mtambo ulioganda hauyeyushwi na bei. Kikomo hicho kiliachwa hadi asubuhi ya Februari 19, ilhali ukataji ulikoma usiku wa kuamkia tarehe 18.

Nani alilipa? Wateja wengi walikuwa na mikataba ya bei isiyobadilika, na mwezi ule hawakuona kitu. Walioumia kwanza ni wa kampuni ya Griddy, takribani 29,000, waliolipa ada ya dola 9.99 kwa mwezi na kisha bei ya jumla kama ilivyo sokoni. Katika siku za kawaida mpango huo ulikuwa nafuu, na ndiyo maana uliwavutia. Kampuni iliwaandikia wahame kabla dhoruba haijafika. Si wote waliopata pa kwenda kwa haraka hiyo. Tupige hesabu ya mfano: nyumba inayopasha joto kwa umeme, ikitumia uniti 60 kwa siku, ingedaiwa dola 540 kwa siku moja. Wapo waliokatwa maelfu ya dola kwenye kadi zao, kwa sababu mkataba uliruhusu makato ya moja kwa moja.

Februari 21 Kamisheni ilisimamisha kuwakatia umeme walioshindwa kulipa. Griddy iliondolewa sokoni na mwezi Machi ikafilisika. Wateja wenye madeni walisamehewa kwa makubaliano na Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Makamishna wote watatu walitangaza kujiuzulu kabla ya Machi kwisha. Mwaka huohuo Bunge la jimbo lilipiga marufuku kuuziwa mteja wa nyumbani mkataba unaofuata bei ya jumla, na kinga ya mitambo dhidi ya baridi ikawa sharti. Hata hivyo, Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba Kamisheni haikuvuka mamlaka yake ilipoweka bei ile. Bei ya maji ya chupa ingekuwa kosa. Hii ilikuwa halali. Wateja wa gesi nao hawakuepuka: gharama ya gesi iliyonunuliwa siku zile iligeuzwa hati fungani, nayo inalipwa kidogo kidogo kupitia ankara kwa miaka mingi.

Hapa Tanzania bei ya uniti hupitishwa na EWURA kabla ya kutumika, hivyo mteja wa nyumbani hakutani na bei ya soko inayobadilika kila saa. Lakini mkataba wowote wenye bei inayopanda na kushuka, wa huduma yoyote, uulizwe maswali yaleyale kabla ya sahihi: kikomo ni kipi, nitajulishwa siku ngapi kabla, na naweza kutoka lini?

Limebaki suala la nyumba zilizoharibika, kwa kuwa mabomba ya maji yalipasuka kwa wingi. Februari 19 lilitolewa tamko jingine, la maafa makubwa, lililofungua msaada kwa mtu mmoja mmoja, kwanza katika kaunti 77. Jambo hili linawahusu pia wasemaji wa Kiswahili walioko Houston na Dallas, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo: mkimbizi aliyepokewa kisheria ana haki ya kuomba msaada wa FEMA, na anaweza kuomba mkalimani. Mwenye bima hudai kwanza kwenye bima yake, kwa kuwa FEMA hailipi hasara iliyokwisha kulipwa. Picha za uharibifu na stakabadhi za fundi zitunzwe. Barua ya kukataliwa mara nyingi humaanisha tu kwamba kuna karatasi iliyokosekana. Mwombaji aliyeipata mwaka ule alikuwa na siku 60, kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua, za kukata rufaa.