Antibiotiki kwa mgonjwa wa kongosho: zianze lini

Mwongozo huu ni wa madaktari wa zamu, matabibu na wauguzi wanaompokea mgonjwa ambaye kongosho lake limevimba ghafla na vibaya.

Asianzishiwe antibiotiki kwa ajili ya kinga tu. Hata picha ya CT ikionyesha kwamba sehemu ya kongosho imekufa, hiyo peke yake haitoshi kuwa sababu.

Tunajua kungoja ni kugumu. Ni siku ya pili, joto 38.5, mapigo 120, chembe nyeupe za damu zimepanda, na ndugu wanauliza mbona mgonjwa wao hapewi dawa. Hapo ndipo seftriaksoni na metronidazo huandikwa kwa mazoea. Lakini homa ya wiki ya kwanza mara nyingi haina bakteria ndani yake: vimeng'enya vimelishambulia kongosho lenyewe, na mwili mzima unaitikia. Maambukizi ya sehemu iliyokufa kwa kawaida hujitokeza baadaye, kuanzia wiki ya pili.

Tafiti ndogo za miaka ya 1990 zilitia matumaini. Zilizofuata, zenye plasebo, hazikuyathibitisha. Katika utafiti wa meropenemu uliochapishwa mwaka 2007, kongosho lilipata maambukizi kwa wagonjwa 9 kati ya 50 waliopewa dawa, na 6 kati ya 50 waliopewa plasebo. Dawa isiyohitajika hufungulia njia fangasi na bakteria sugu, na maambukizi ya kweli yakija, silaha yetu imeshaisha makali.

Anza antibiotiki pale penye maambukizi ya njia ya nyongo, mapafu, mkojo au damu. Anza pia CT ikionyesha viputo vya hewa kwenye kongosho lililokufa. Au mgonjwa akizorota, au akikosa nafuu, baada ya siku 7 hadi 10. Chukua damu ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza. Ukianza kwa shaka na chanzo kisionekane, simamisha.

Wakati wa kungoja, mgonjwa asikae bila tiba: maumivu yatulizwe, Ringer's lactate iende kwa kiasi huku mkojo na upumuaji vikipimwa, na alishwe mapema kwa mdomo au mpira wa puani.

Anayeandika antibiotiki aandike pia kwenye faili sababu yake na tarehe ya kuipitia upya. Muuguzi asipoiona sababu hiyo, ana haki ya kuiuliza kabla ya kuchoma dozi.