Mazao ya Bakteria wa Utumbo na Afya ya Moyo

Mtu alapo chakula hashibishi mwili wake peke yake. Katika utumbo mpana wamo bakteria matrilioni, nao hula kile ambacho tumbo na utumbo mwembamba vimeshindwa kukimeng'enya. Makala haya yahusu kemikali wanazozitoa bakteria hao, kwani hizo hupenya ukuta wa utumbo, zikaingia katika damu na kufika kwenye ini, moyo na mishipa.

Tuanze na zenye sifa njema. Nyuzinyuzi za maharage, ulezi na mboga za majani hazimeng'enywi na mwili wetu. Bakteria huzichachua wakatoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa asidi ya butiriki, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ukidhoofika, sumu za bakteria hupenya na kuchochea mwako wa chini kwa chini mwilini, unaohusishwa na kisukari na kuziba kwa mishipa. Sisi tumekoboa mahindi yetu tukala sembe, na pumba tukawapa kuku! Hata kiporo cha ugali kina faida yake, maana sehemu ya wanga uliopikwa ukapoa huwa ngumu kumeng'enywa, ikawafikia bakteria.

Kemikali ya pili ina mashaka. Kutokana na kolini ya mayai na karnitini ya nyama nyekundu, bakteria hutengeneza trimethilamini, yenye harufu ya samaki aliyeoza, na ini huigeuza kuwa oksidi. Mwaka 2013 Stanley Hazen na wenzake wa Cleveland, Marekani, waliwalisha watu mayai mawili ya kuchemsha. Oksidi ikapanda katika damu. Wakawapa viuavijasumu kwa juma moja na kuwalisha mayai tena. Oksidi ikakaribia kutoweka. Dawa zilipoachwa, ikarudi. Kati ya wagonjwa 4,007 waliofuatiliwa kwa miaka mitatu, robo yenye oksidi nyingi kabisa ilikuwa na hatari ya shambulio la moyo, kiharusi au kifo mara mbili na nusu ya robo ya chini.

Hata hivyo tusiharakishe hukumu. Samaki wengi wa baharini wana oksidi hiyo kwa wingi, lakini ulaji wa samaki haujaonekana kuongeza maradhi ya moyo. Tena figo zikidhoofika hushindwa kuitoa, ikalimbikizana. Kwa maoni yangu, huenda ni shahidi tu wa maradhi wala si mtendaji.

Ushahidi wa karibu nasi ulitolewa mwaka 2025 na watafiti wa Moshi na Nijmegen, Uholanzi. Katika mkoa wa Kilimanjaro, wanaume 77 wenye afya walishiriki: wa vijijini walipewa chakula cha kizungu kwa majuma mawili, wa mjini wakapewa cha asili, na kundi la tatu likanywa mbege kwa juma moja. Waliohamia chakula cha kizungu walizidiwa na protini za mwako katika damu, na seli zao za kinga zikapungua nguvu dhidi ya vijidudu. Waliorudia chakula cha asili, na hata wanywaji wa mbege, walipungukiwa na dalili hizo. (Mbege ni pombe, nami simshauri mtu kuianza.) Mimi niliyekula soseji na mkate mweupe miaka yote ya masomo ng'ambo nilisoma matokeo hayo kwa wasiwasi, hasa nilipoona kwamba baadhi ya mabadiliko ya majuma mawili tu yalikuwa yangalipo majuma manne baadaye.