Folda Tupu Asubuhi: Kompyuta Inapowaka Kabla ya Mtandao

Katika Dodoma na nyanda za kati kwa jumla, mvua hunyesha msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na ngurumo zake huweza kuandamana na kukatika kwa umeme. Umeme urejeapo, kompyuta zote za kituo cha afya huwaka kwa pamoja. Hapo huzuka hitilafu inayodhaniwa kuwa ni upotevu wa kumbukumbu: folda ya pamoja, yenye picha za eksirei na majibu ya maabara yaliyomo ndani ya seva, haionekani mapokezi, au huonekana ikiwa tupu.

Chanzo cha kawaida ni kupishana kwa muda. Kompyuta mpya huwaka kwa sekunde chache. Baadhi ya swichi za mtandao husubiri takribani sekunde 30 kabla ya kupitisha taarifa. Seva iliyozimika ghafla huchelewa zaidi, kwa kuwa hukagua diski zake kwanza. Kompyuta hubisha hodi, haijibiwi, huacha.

Kwenye Linux, folda ya seva huunganishwa juu ya folda tupu iliyomo katika kompyuta yenyewe. Muunganisho ukishindikana, folda hiyo tupu hubaki wazi na kupokea kila kinachohifadhiwa. Chukulia karani amehifadhi humo majibu ya kifua kikuu. Saa nne fundi anaunganisha seva: kumbukumbu za jana zinarudi, majibu ya asubuhi yanatoweka. Hayakufutika, yamefunikwa tu. Fundi akitenganisha tena folda ya seva atayakuta. Asipojua hilo, mgonjwa aliyesafiri kutoka Kondoa ataambiwa atoe makohozi upya.

Wapo mafundi wanaoongeza neno «nofail» katika faili la /etc/fstab na kuridhika. Neno hilo huiwezesha kompyuta kuwaka bila seva, lakini huiacha ile folda tupu wazi. Afadhali «_netdev» pamoja na «x-systemd.automount»: folda huunganishwa inapofunguliwa, na seva isipopatikana mtumishi huona ujumbe wa kosa. Kwa Windows, ipo sera ya kuilazimu kompyuta isubiri mtandao kabla ya mtumiaji kuingia.

Hitilafu ikidumu hata baada ya seva kuwaka, ikaguliwe waya, kisha anwani ya seva kwa namba na kwa jina, kisha nywila. Saa nayo isisahauliwe: betri ndogo ya ubao mama ikifa, tarehe hurudi nyuma, na mfumo wa Kerberos kwa kawaida hukataa tofauti inayozidi dakika 5.

Ushauri wa kurudisha itifaki kongwe ya SMB 1 ukataliwe. Udhaifu katika itifaki hiyo ndio uliotumiwa na kirusi WannaCry, Mei 2017, kilipovuruga huduma za hospitali nyingi Uingereza.

Wakati fundi akisubiriwa, majibu yaandikwe kwenye daftari. Mgonjwa anayeambiwa kuwa faili lake halionekani aulize kwanza kama seva imeunganishwa, na aitunze kadi yenye namba yake ya usajili, ili asifunguliwe faili la pili.