Mlo na Saratani ya Tumbo: Funzo la Wajapani wa Hawaii

Je, saratani ya tumbo ni urithi wa damu? Wajapani waliohamia Hawaii wanatudokezea jibu. Wahamiaji wenyewe waliendelea kuugua kwa wingi, ilhali watoto wao waliozaliwa huko waliugua kwa kiwango cha chini. Nasaba haikubadilika, kilichobadilika ni mazingira na chakula. Samaki na mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi nyingi huchubua ukuta wa ndani wa tumbo, na bakteria aitwaye helikobakta pilori, aliyetangazwa kisababishi cha saratani mwaka wa 1994, akazidi kudhuru. Nchini Japani kwenyewe, majokofu yalipoenea, haja ya kuhifadhi chakula kwa chumvi ilipungua. Viwango vya vifo navyo vikashuka. Tunahitimisha kuwa nasaba si hukumu: chungu nacho kina neno.