Somo: Zafarani, Zao la Mikono Mingi

Wapishi wa biriani wa pwani huijua zafarani kwa rangi yake ya dhahabu na kwa bei yake. Wachache hujua kwamba kiungo hicho hutoka katika ua dogo la zambarau, lichanualo Oktoba na Novemba katika nchi kama Ugiriki, Iran na Hispania, majira ambayo miti ya huko hupukutisha majani.

Mmea wenyewe. Mzafarani, ambao wataalamu huuita Crocus sativus, hauzai mbegu. Huendelea kuwapo kwa kazi ya mkulima, ambaye hufukua matunguu yake wakati wa joto, akayatenganisha na kuyapanda upya. Kila ua lina nyuzi tatu nyekundu, na hizo tu ndizo zafarani. Ua huchumwa kwa mkono asubuhi mapema, nyuzi zikachambuliwa kwa vidole na kukaushwa. Kilo 1 ya zafarani kavu huhitaji maua yapatayo 150,000.

Tahadhari. Uko mmea mwingine, Colchicum autumnale, uchanuao majira hayo hayo na kufanana nao, lakini una sumu iwezayo kuua. Ua la mzafarani lina vijiti vitatu vya chavua. La mmea huo lina sita.

Ushirika. Kitu chepesi chenye bei kubwa huwavutia walaghai. Wako wachanganyao nyuzi za maua mengine, au manjano katika zafarani iliyosagwa. Mkulima mwenye gramu chache, akiwa peke yake, hawezi kumthibitishia mnunuzi wa mbali kwamba mali yake ni safi. Kwa hiyo wakulima wa Kozani, kaskazini mwa Ugiriki, waliunda chama cha ushirika mwaka 1971, ambacho hukusanya, hufungasha na huuza zao lao kwa pamoja. Mwaka 1999 jina la Krokos Kozanis lilisajiliwa katika Umoja wa Ulaya, lisitumiwe kwa zafarani ya mahali pengine.

Jina jema hulinda bei ya wote; gunia moja lenye takataka huwaponza wote, wawe wanauza zafarani, kahawa au korosho.

Maswali ya mkutano
1. Mazao yaletwayo ghalani hukaguliwa na nani, na mbele ya nani?
2. Mwanachama ambaye mzigo wake umekataliwa huelezwaje sababu?