Kabla ya Kumkabidhi Mwingine Funguo za Gari Lako

Si rahisi kumnyima gari ndugu anayekwenda kuzika, wala jirani anayempeleka mgonjwa hospitali. Kusaidiana ni desturi yetu, nasi hatuandiki somo hili ili kuiondoa. Lengo letu ni kumwezesha mwenye gari kuamua akiwa anajua anachokitoa. Anayeazimisha gari haazimishi chuma na matairi pekee. Anaazimisha pia bima yake na jina lake lililoandikwa kwenye kadi ya gari.

Mfano wa kutafakari

Tuchukue mfano wa mwalimu anayeishi Morogoro. Shemeji yake anamwomba gari siku ya Jumamosi ili aende harusini Dodoma. Mwalimu anamfahamu shemeji yake kuwa ni mtu makini na mwenye leseni, hivyo anampa funguo bila swali. Wakati wa kurudi usiku, shemeji anachoka na kumwachia usukani rafiki yake ambaye hana leseni. Wakifika Gairo wanamgonga mwendesha baiskeli, naye anavunjika mguu. Gari linaharibika upande wote wa mbele.

Mwalimu alikuwa amelala nyumbani kwake. Hata hivyo, asubuhi polisi wanamtafuta yeye, kwa kuwa gari limesajiliwa kwa jina lake. Bima aliyokata ni ile ya dhima kwa mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Bima hiyo haitengenezi gari lake mwenyewe. Na kwa kuwa dereva hakuwa na leseni, kampuni ya bima inaweza kukataa dai, au ikilazimika kumlipa aliyeumia, ikamgeukia mwalimu ili airejeshee fedha zake.

Tazama kosa liko wapi. Mwalimu hakukosea kumwamini shemeji yake. Alikosea kudhani kwamba kumwamini mtu kunatosha.

Swali la kwanza: Nani ataendesha?

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka kila dereva awe na leseni halali ya daraja linalolingana na gari analoendesha. Mwenye gari anayemruhusu asiye na leseni kuendesha naye anatenda kosa. Kwa hiyo, usione haya kuomba kuiona leseni. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi yake na daraja lake. Kisha taja wazi kwamba ruhusa umempa yeye peke yake, na kwamba hana mamlaka ya kumpa mwingine usukani. Kama safari ni ndefu, uliza mapema ni nani atakayempokea akichoka, nawe uione leseni ya huyo pia.

Swali la pili: Je, bima yako inamhusu?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, bila bima inayohusu matumizi ya mtu huyo. Maana yake ni kwamba stika halali haitoshi ikiwa mkataba wako unawataja madereva fulani tu. Mikataba mingine humkubali dereva yeyote mwenye leseni aliyeruhusiwa na mwenye gari. Mingine huweka masharti ya umri au uzoefu. Hata aliyekata bima kubwa anapaswa kuangalia kiasi ambacho atakilipa mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa, maana huenda kiasi hicho kikapanda dereva akiwa kijana au mgeni wa usukani. Usipouelewa mkataba, mpigie wakala wako simu kabla gari halijaondoka. Uhalali wa stika unaweza kuuhakiki kupitia mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).

Swali la tatu: Gari linakwenda kufanya nini?

Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halina kinga likibeba abiria au mizigo kwa malipo. Mwazimaji akikulipa kwa kulitumia, huo si uazima tena bali ni ukodishaji, na bima yako inaweza kukosa nguvu siku unayoihitaji. Uliza gari linakwenda wapi, litarudi lini, na litabeba nini.

Ukiamua kukubali

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni katika karatasi moja jina la mwazimaji, tarehe na saa ya kuchukua na ya kurejesha, kilomita zilizosomeka, kiasi cha mafuta na mikwaruzo iliyopo. Piga picha za gari pande zote. Kubalianeni nani atalipa faini za barabarani na ushuru wa maegesho, maana madeni hayo huandikwa kwa namba ya gari, nawe utayakuta yakikusubiri. Mweleze ukweli kuhusu hali ya gari. Ukijua kwamba breki ni dhaifu, usilitoe hata kwa safari fupi.

Ajali ikitokea, mwazimaji ahakikishe majeruhi wanapata msaada, atoe taarifa polisi, na akujulishe mara moja. Wewe uijulishe kampuni ya bima bila kuchelewa. Asikiri kosa wala kuahidi malipo kwa niaba yako. Ukiona kampuni imekataa dai lako pasipo haki, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo kwa ajili ya kupokea malalamiko.

Ukiamua kukataa

Kukataa gari si kukataa undugu. Sema mapema na kwa upole: “Bima yangu haikuhusu, nami sitaki ikukute aibu barabarani.” Kisha, kama unaweza, mpeleke wewe mwenyewe, au mchangie nauli. Msaada wa namna hiyo una gharama unayoijua, ilhali ajali haina.

Jipime

1. Je, nimeiona leseni ya kila atakayeshika usukani?
2. Je, mkataba wangu wa bima unamkubali dereva huyu kwa safari hii?
3. Gari likiharibika kabisa, nani atalipa, na je, tumekubaliana hivyo?
4. Mtu akiumia, je, nina uwezo wa kubeba mzigo ambao bima haitaubeba?

Jibu likikosekana kwa swali hata moja, funguo zisitoke mfukoni mwako.