Somo: Mbwa Aliyewekewa Mrija wa Kupumulia

Mbwa mlinzi anaweza kuzibwa koo na kitu alichomeza, jeraha au uvimbe. Ili kumwokoa, daktari wa mifugo humpasua kidogo mbele ya shingo, chini ya pale palipoziba, akaingiza mrija kwenye njia ya pumzi.

Kazi ya daktari huisha haraka. Kazi ya kukesha ndiyo ndefu. Mrija ukiziba, mbwa hufa kwa dakika chache, tena kimya kimya, maana hawezi kubweka.

Kwa nini huziba?
Pua hupasha hewa joto, huilowesha na kuichuja vumbi. Hewa ya mrijani haipiti puani, kwa hivyo makohozi hukauka na kuganda.

Tufanye nini?
1. Mahali pake ni kliniki. Daktari akiomba msaada, gawaneni zamu usiku na mchana. Asiachwe peke yake hata kidogo.
2. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu.
3. Mirija mingine ina mrija mdogo ndani yake. Ukishaonyeshwa na daktari, utoe, uoshe na kuurudisha kila baada ya saa chache, au mapema akianza kukoroma.
4. Tia matone ya maji ya chumvi ya hospitali kwa kipimo cha daktari. Maji ya mtungi, hapana!
5. Mweke mbali na moshi, vumbi na jua kali. Asiogeshwe. Kamba ipite kifuani, si shingoni.
6. Daktari huacha nyuzi mbili kando ya tundu. Mrija ukichomoka, zivute taratibu, moja huku na nyingine kule, tundu lifunguke. Mwenzako amwite daktari mbio.

Ukiona amenyoosha shingo na mbavu zinaingia ndani, usingoje ulimi uwe wa buluu. Ita daktari.

Mrija ukishatolewa, kwa kawaida tundu halishonwi. Hujifunga lenyewe polepole.

Onyo: Mbwa anayedondosha mate, asiyeweza kumeza au aliyebadilika sauti huenda ana kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni! Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadiliana
1. Daktari wa mifugo wa karibu tutampataje usiku?
2. Mbwa wetu wamechanjwa kichaa mwaka huu?